Ule mwinuko sio mtetemo

Mwanafunzi wa nne muhula huu kaniletea grafu ya mwanga wa KOI-54, nyota mbili zinazozungukana, kutoka data za darubini ya angani Kepler, kaweka kidole kwenye ule mwinuko mkali: "Mwalimu, hapa ndipo nyota inapotetema."

Hapana, jamani! Jina la ukoo wa nyota hizi, "nyota za mapigo ya moyo", ndilo lililotuponza. Mwinuko huja kila siku 41.8, nyota mbili zinapokaribiana kabisa (ekisentrisiti, yaani kipimo cha obiti kurefuka kuliko duara, ni 0.83, si mchezo). Kila moja inavutwa na mwenzake mpaka inachongoka kama yai, nyuso zinazotazamana zinachomana, mwanga unazidi kwa chini ya asilimia 1. Zikiachana, umbo linarudi. Basi.

Mitetemo ni yale makunyanzi madogo mliyoyafuta mkidhani ni kelele, yanayoendelea hata nyota zikiwa mbali. Mfano wa maji kujaa na kupwa haunifai Dodoma, nusu ya darasa hawajaiona bahari, kwa hiyo natumia bembea. Sukuma mara moja, subiri. Ukirudi kusukuma ikiwa imeshakamilisha mizunguko yake, inapaa zaidi; ukisukuma inakujia usoni, umeiua. Ila hapa bembea inanisaliti kidogo: nyota husukumwa tena na tena mpaka inafuata ratiba ya msukumaji, hata kama mdundo wake wa asili uko pembeni. Ukaribu wa midundo hiyo unaamua ukubwa wa mtetemo tu. Ndiyo maana frikwensi zinakuwa vigawe kamili vya frikwensi ya obiti. Mitetemo miwili mikubwa ya KOI-54 ni ya 90 na 91, yaani mapigo 90 na 91 kwa kila mzunguko wa obiti, pigo moja kila saa 11 hivi.

Sasa, ukikuta frikwensi isiyo namba kamili, kama 22.42, usikimbilie kuifuta. Tafuta na 68.58. Zijumlishe. Umepata 91: mtetemo mkubwa umezaa wadogo wawili wakagawana nguvu zake.

Kwa nini 90 na 91 ndiyo iwe mikubwa? Huenda nyota na obiti vimefungana, vinabadilika pamoja bila kuachana. Huenda ni bahati tu. Jibu la kwanza nimelifundisha kwa ujasiri ambao, kusema kweli, sina.

Mwezi wa kwanza, mawingu yakiachia, Iota Orionis, nyota ya kundi la Orioni, hupita karibu utosini kabisa hapa Dodoma. Nayo ni ya ukoo huu, inazunguka kwa siku 29. Badiliko lake jicho haliwezi kuliona, kwa hiyo asije mtu ofisini kwangu kuniambia kaiona ikidunda.