Kabla Ng'ombe Hajachanjwa Ndigana Kali: Maswali ya Mfugaji

Mtaalamu wa mifugo ndiye aliyesoma. Kwa nini aniombe mimi ruhusa?

Yeye anaijua dawa, lakini ng'ombe ni wako, na akifa hasara ni yako. Ng'ombe hana kinywa cha kukubali wala kukataa, kwa hiyo ridhaa unaitoa wewe. Na huwezi kuridhia jambo usiloelezwa. Tangazo la "leteni ndama, chanjo imefika" halijakueleza kitu.

Chanjo hii ina nini hasa cha kuelezwa?

Ina mengi kuliko chanjo nyingine. Ndigana kali, ambayo Wamaasai huiita oltikana, huenezwa na kupe wa masikioni na huua ndama vibaya sana. Chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, ina vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, vya aina tatu vilivyochanganywa. Ng'ombe hudungwa karibu na sikio, na papo hapo hupigwa sindano ya pili, antibiotiki iitwayo oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, ili ugonjwa usimshinde. Yaani anaambukizwa makusudi huku anatibiwa, na akishapona mwili unabaki na kinga ya muda mrefu.

Ni njia nzuri, na ninawashauri wafugaji waikubali. Lakini kumwambukiza ng'ombe wa mtu pasipo mwenyewe kujua kwamba ndicho kinachofanyika ni kumkosea heshima, hata kama ng'ombe atapona.

Niulize hatari zipi?

Katika wiki chache zinazofuata, wengine hupata homa na tezi kuvimba. Wachache huugua ndigana yenyewe na huhitaji mapema buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali. Uliza mapema: nimpigie nani simu, na gharama ya matibabu hayo ni ya nani? Uliza pia uzito umepimwaje, maana dawa hupimwa kwa uzito, na oksitetrasaiklini ikipungua, ng'ombe anabaki na vimelea bila ulinzi wa kutosha. Nawe useme ukweli wako: yupi anakohoa, yupi ana mimba, yupi alidungwa dawa juzi.

Liko na la jirani. Ng'ombe aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea mwilini, kupe akavichukua na kuvipeleka kwa ng'ombe ambaye hajachanjwa. Jirani naye anastahili kujua. Na josho lisiachwe, kwa sababu chanjo hii haizuii ndigana baridi, ugonjwa mwingine unaoenezwa na kupe.

Mume wangu yuko mnadani. Naweza kukubali mwenyewe?

Mkubaliane kwa simu kama ng'ombe ni wenu wote. Ila hata akiwa nyumbani, maelezo yasiishie kwake. Wewe ndiye unayekamua. Oksitetrasaiklini huingia kwenye maziwa, na kila chupa ya dawa ina kipindi chake cha kusubiri kabla maziwa au nyama kutumika. Mwambie mtaalamu akusomee siku hizo, za maziwa na za nyama, kisha mhesabu pamoja mpaka mjue tarehe. Mtoto wa mteja wako anayekunywa uji wa maziwa hakuulizwa kama anataka dawa hiyo.

Tunaambiwa tuamue haraka, chanjo itaharibika.

Ni kweli hugandishwa na kutunzwa ndani ya mirija midogo kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye baridi kali, mrija mmoja huchanja ng'ombe wengi, na ukishayeyushwa hutumika ndani ya saa chache. Ndiyo maana kikao cha maelezo kifanyike kabla ya mrija kutolewa mtungini, ikiwezekana siku moja au mbili kabla. Mtu aliyeshikilia ndama huku foleni inamsukuma hana nafasi ya kusema hapana.

Nikiweka sahihi inatosha?

Haitoshi kama fomu hukusomewa kwa lugha unayoielewa.

Je, nikikataa?

Chanjo hii ni hiari yako, na mtaalamu hapaswi kukununia wala kukunyima huduma nyingine. Mwombe akuonyeshe namna ya kukagua kupe ndani ya masikio, ratiba ya kuogesha, na jinsi ya kupapasa tezi zilizo chini ya sikio la ndama. Ukikuta zimevimba na ndama ana homa, mpigie mtaalamu siku hiyo hiyo.