Si kila Mhindi hali nyama

Huku kwetu wengi huamini nyama haiingii nyumba ya Mhindi. Utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa 2021 ulikuta asilimia 39 tu ya watu wazima wa India wakisema hawali nyama. Dhana hii inaeleweka: Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat, ambako Wahindu na Wajaini (wafuasi wa dini ya Ujaini) wengi hawaigusi (Wajaini wengine hata kitunguu hawali). Lakini Mabohora, Waislamu wa Kishia ambao nao ni wa hukohuko, hupika biriani ya mbuzi. Bengali, mashariki mwa India, ndiyo usiseme: harusini, upande wa bwana harusi hupeleka kwa bibi harusi samaki mzima aliyepambwa. Walaji nyama nao, wengi huiacha Jumanne, siku ya Hanuman, mungu wa Kihindu.