Umeme wa baiskeli: chaji simu, usiuingize kwenye nyaya za nyumba

Maonyesho ya sayansi mashuleni yakikaribia, maswali kuhusu umeme wa baiskeli, yaani kukanyaga ili kuzungusha mota itoe umeme, hutufikia kwa wingi: wengine wanauliza kama utaendesha friji au kuongeza uniti za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Jambo lenyewe ni jema na tunalipongeza. Wala halihitaji leseni ya kuzalisha umeme, kwa kuwa Sheria ya Umeme ya Tanzania ya mwaka 2008 imesamehe uzalishaji ulio chini ya megawati 1. Msipange foleni kuomba kibali cha kukanyaga baiskeli.

Stendi ya kuinua gurudumu na mota ya sumaku inayozungushwa nalo mnajua kuvifunga. Angalieni tu uwiano: tairi la kipenyo cha sentimita 70 likisugua puli (kigurudumu cha mota) ya kipenyo cha sentimita 3.5, gurudumu likizunguka mara moja mota inazunguka mara 20. Oltaneta ya gari, ile inayochaji betri ya gari, iacheni. Inataka mwendo mkubwa, na inakula umeme wenyewe kabla ya kutoa.

Sasa hili la friji. Mtu mzima mwenye afya akikanyaga saa nzima hutoa kama wati 75 hadi 100, na sehemu yake hupotea njiani. Chukua wati 60 zinazofika kwenye betri: itabidi ukanyage karibu saa 17 kupata uniti moja, yaani kilowati-saa 1. Friji, pasi na jiko la umeme tusivizungumzie tena. Na LUKU haiongezeki kwa kukanyaga. Uniti huingia kwa tokeni ya tarakimu 20, basi. Saa moja yako itachaji simu mbili au tatu, au itawasha taa ya LED ya wati 5 usiku kucha. Kwa nyumba isiyo na umeme, hicho si kidogo.

Kati ya mota na betri weka dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Bila dayodi, ukishuka kwenye baiskeli betri inageuka kuilisha mota, na gurudumu linaendelea kuzunguka lenyewe huku pedeli zimetulia. Mtoto anaona pedeli hazisogei, anaingiza kidole kwenye spoku. Weka pia fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, na kontrola inayokata chaji betri ya volti 12 ikifika volti 14.4 hivi. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa haidrojeni, kwa hiyo isikae chumba cha kulala. Simu isiunganishwe moja kwa moja na mota: ukikanyaga kwa kasi bila mzigo, volti hupanda kupita 20.

Linalotunyima usingizi ni waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230), mwingine kwenye soketi ya ukutani. Umeme wa volti 230 ukitoka nyumbani kurudi kwenye transfoma, unapandishwa kuwa volti 11,000 au 33,000, na juu ya nguzo kuna fundi aliyeambiwa laini imezimwa. Mtatuambia inveta ndogo itazidiwa na kuzima. Huenda. Uhai wa fundi haukabidhiwi kwa "huenda". Na TANESCO, shirika la umeme, wakirudisha umeme, inveta yako inaungua palepale. Kuzima swichi kuu si kinga, maana yeyote nyumbani anaweza kuiwasha.

Anayetaka taa za ukutani ziwake kwa betri afungiwe swichi ya kubadili chanzo, ile ambayo haiwezi kushika pande mbili kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe leseni yenyewe, si picha kwenye simu. Soma jina, soma daraja kama linaruhusu kazi hiyo, soma tarehe ya kuisha. Leseni iliyoisha jana ni sawa na kutokuwa nayo. Akimaliza, apime mbele yako na asaini fomu yenye namba ya leseni yake. Nakala moja ibaki kwako. Kufunga umeme bila leseni ni kosa kisheria, hata fundi akiwa shemeji yako na hata asipolipwa.

Walimu wa maonyesho, kwenye meza yenu tumieni volti 12 peke yake. Inveta ibaki kabatini.