Je, wajua ni kwa nini Barbuda ilibaki bila mkazi hata mmoja mwaka 2017?

Usiku wa kuamkia Septemba 6, 2017, jicho la Kimbunga Irma lilipita juu ya Barbuda, kisiwa cha Karibi chenye watu wasiofika 2,000, likizungukwa na upepo wa takriban kilomita 285 kwa saa. Siku chache baadaye kisiwa kilikuwa kitupu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karibu karne tatu.

Jibu la haraka ni kwamba nyumba zilibomoka, na ni kweli kuwa majengo mengi mno yaliharibiwa. Barbuda ni tambarare ya mawe ya chokaa isiyo na mlima wa kukinga upepo, na takriban wakazi wote waliishi katika mji mmoja, Codrington. Jicho lilipofika, upepo ulitulia kwa muda, na walioezuliwa mapaa wakapata nafasi ya kukimbilia majengo yaliyokuwa yangali yamesimama. Kisha upepo ukarudi kutoka upande wa pili, ukang'oa mabati yaliyokwisha kulegea. Aliyefariki kisiwani ni mtoto mmoja mdogo.

Hata hivyo, kilichowaondoa watu wote kwa pamoja ni kimbunga cha pili. Jose kilikuwa kikija nyuma ya Irma, na kwa kuwa hapakuwa na paa la kutegemewa, serikali iliamuru kila mtu ahamishiwe Antigua kwa boti na ndege, huku mbuzi, punda na mbwa wakiachwa nyuma. Antigua, kisiwa kikubwa cha taifa hilohilo, ilikuwa imepata madhara machache, na baadhi ya wahamishwaji walilazwa katika uwanja wa kriketi. Jose hatimaye kilipita kaskazini bila kuipiga Barbuda.

Kurudi ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Umeme na maji vilikuwa vimekatika, lakini suala zito lilikuwa ardhi, ambayo Wabarbuda wamekuwa wakiitumia kwa pamoja tangu utumwa ulipokomeshwa mwaka 1834, na sheria ya 2007 iliutambua utaratibu huo. Waziri Mkuu Gaston Browne alitaka kila mkazi apate hati yake ya kumiliki ardhi ili aweze kukopa benki na kujenga upya. Wapinzani wake waliona, na si bila sababu, kwamba hati inayouzika ingewafungulia mlango wawekezaji wa hoteli. Wakati wengi wangali Antigua, Bunge lilirekebisha sheria hiyo, na tingatinga zikaanza kufyeka msitu ili kupisha uwanja mpya wa ndege.