Kanisa lililotesa na imani ninayoifundisha: dhana potofu na ukweli

Kila Jumamosi alasiri nafundisha darasa la kipaimara chini ya mkorosho nyuma ya kanisa letu la Kianglikana, hapa Masasi. Kwaresima iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu aliinua mkono. "Mwalimu, shuleni tumesoma kwamba Kanisa lilichoma watu moto kwa sababu ya imani yao. Sasa sisi tunajiandaa kuingia kwenye nini?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Nilimwomba anipe wiki moja. Sikutaka kumjibu kwa kumnyamazisha. Wiki ile niliwauliza walimu wenzangu wa dini, wazee wa kanisa, hata watu wa nyumbani kwangu, na nikagundua kwamba majibu mengi tunayopeana hayasimami. Yanatolewa kwa nia njema, na watu wanaolipenda Kanisa kama ninavyolipenda mimi, lakini mtoto mwenye akili akiyagusa tu yanaanguka.

"Waliofanya yale hawakuwa Wakristo wa kweli"

Hili ndilo nililosikia kuliko yote, na nami nimewahi kulisema mbele ya darasa. Kilichonizuia kulirudia ni Kilwa.

Mwaka juzi nilikwenda Kilwa Kisiwani. Unashuka Nangurukuru, unaingia Masoko, unavuka kwa boti. Kabla hujakanyaga mchanga unaiona Gereza imesimama ufukweni, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome inayoonekana leo kwa sehemu kubwa ni ya wakati wa Waomani, lakini Wareno ndio waliojenga ngome ya kwanza pale, mwaka 1505. Mzee aliyetuvusha, Mwislamu, alifunga kamba ya boti, akatazama ukuta, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, msalaba wa kwanza kufika hapa ulikuja pamoja na mizinga." Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Julai 1505 merikebu za Francisco de Almeida, kamanda wa Wareno, zilitia nanga hapo na askari wakauteka mji. Yapo maelezo ya mtu aliyekuwa katika msafara huo. Anasimulia kwamba mapadre Wafransisko walishuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba Te Deum hadi kwenye jumba la mfalme. Msalaba ukawekwa chini, kamanda akasali. Na mara baada ya sala, anasema, kila mtu akaanza kupora mji.

Te Deum ni wimbo uleule tunaouimba sisi: "Twakusifu, Mungu". Watu wale walibatizwa kama mimi, waliungama, walipokea Komunyo. Siwezi kuwafuta kwenye daftari la ubatizo kwa sababu wananiaibisha. Wangekuwa wapagani waliovaa misalaba, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kusali kwa moyo wake wote na bado akainuka akaenda kumdhulumu jirani, na Biblia yenyewe haijawahi kulificha jambo hilo. Daudi aliyemwua Uria ndiye Daudi wa zaburi.

"Hayo ni ya Wakatoliki"

Huku kwetu Waanglikana na Walutheri tunalipenda sana jibu hili. Halina ukweli.

Felix Manz alizamishwa mtoni Zürich Januari 1527 kwa kosa la kubatiza upya watu wazima, na waliomhukumu walikuwa Waprotestanti. Michael Servetus, aliyeukana Utatu, alichomwa moto Geneva tarehe 27 Oktoba 1553, mji wa Calvin, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, na Calvin aliunga mkono auawe, ingawa aliomba asichomwe. Martin Luther mwaka 1543 aliandika kwamba masinagogi ya Wayahudi yachomwe. Uingereza, kanisa mama la sisi Waanglikana, chini ya Malkia Mary watu wapatao 280 walichomwa kwa kuwa Waprotestanti. Alipokuja Elizabeth zamu ikageuka, na mapadre Wakatoliki zaidi ya 100 wakauawa. Hata waliokimbilia Marekani kutafuta uhuru wa kuabudu, mwaka 1660 walimnyonga Mary Dyer pale Boston kwa sababu alikuwa Mkweka, mfuasi wa dhehebu dogo la Kikristo walilolipiga marufuku, aliyekataa kukaa mbali na mji wao.

Hakuna dhehebu kongwe lenye mikono safi.

"Inkwizisheni iliua mamilioni"

Hii inatoka upande wa pili, kwa wanaotaka kulimaliza Kanisa kwa hoja moja. Mahakama ya Hispania ya kuwasaka wazushi ilidumu kuanzia 1478 hadi 1834. Wanahistoria waliopekua majalada yake wanakadiria waliouawa kuwa kati ya 3,000 na 5,000 kwa kipindi chote hicho, wengi wao katika miongo ya mwanzo. Waliouawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi walikuwa wengi zaidi, kati ya 40,000 na 60,000, na wengi wao walihukumiwa na mahakama za serikali, katika nchi za Kikatoliki na za Kiprotestanti.

Nasema hivi kwa sababu kumsingizia hata mkosaji ni dhambi. Lakini asije mtu akaifanya hesabu hii kuwa nafuu. Mwaka 1492 Wayahudi wa Hispania walipewa miezi minne: wabatizwe au waondoke. Familia iliyofunga mizigo yake haikuwa na haja ya kuambiwa kwamba waliouawa ni wachache kuliko inavyosemwa.

"Zama zile kila mtu aliona ni sawa"

Padri mmoja mstaafu aliniambia hivi: tusiwahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Namheshimu sana, lakini hapa sikubaliani naye, maana watu wa kale wenyewe walihukumiana.

Tertullian, Mwafrika wa Karthago, karibu mwaka 212, Wakristo wakiwa bado wanateswa, aliandika kwamba si kazi ya dini kulazimisha dini. Huyo ni wa kabla ya Konstantino, kaisari wa Roma. Na Konstantino mwenyewe, kinyume cha tunavyosimuliana, hakuufanya Ukristo kuwa dini ya lazima mwaka 313. Aliruhusu watu waabudu kwa uhuru. Amri ya kuufanya dini ya dola ilikuja mwaka 380 chini ya Theodosius. Miaka mitano tu baadaye, 385, Priscillian, askofu wa Hispania, alikatwa kichwa huko Trier kwa amri ya kaisari, baada ya maaskofu wenzake kumshtaki.

Askofu Martin wa Tours alikuwapo mjini kabla ya hukumu, akimsihi kaisari asimwage damu. Akaahidiwa, akaondoka, ahadi ikavunjwa. Baadaye alikataa kushiriki meza moja na maaskofu walioshtaki, mpaka siku alipoambiwa kwamba askari wanatumwa Hispania kuwasaka wafuasi wa Priscillian. Ili kuwaokoa wale, Martin akakubali kushiriki nao mara moja. Aliumia kwa jambo hilo, na kwa miaka iliyobaki ya maisha yake hakuhudhuria tena mkutano wowote wa maaskofu. Mtakatifu huyu tunamkumbuka kila tarehe 11 Novemba kwa joho alilomkatia maskini. Natamani tungemkumbuka na kwa hili.

Yupo na Alcuin, mshauri wa Charlemagne, mfalme wa Wafranki. Charlemagne aliwabatiza Wasaksoni kwa upanga, na kumbukumbu za ufalme wake zinasema mwaka 782 waliuawa 4,500 kwa siku moja pale Verden. Mwaka 796 Alcuin aliandika kwamba imani ni jambo la hiari: mtu anaweza kuvutwa kwenye imani, hawezi kusukumwa. Na Servetus alipochomwa, Sebastian Castellio, msomi Mprotestanti, alijibu mwaka uliofuata kwamba kumwua mtu si kulinda fundisho, ni kumwua mtu.

Hata Augustino wa Hippo aliijua njia hiyo. Mwanzoni alipinga kabisa watu kulazimishwa. Alibadilika alipoona vitisho vya sheria vikiwarudisha kanisani Wadonato, Wakristo wa Afrika Kaskazini waliokuwa wamejitenga, akaegemea neno la Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani". Hakutaka wauawe, hilo tumpe. Lakini mlango alioufungua yeye kidogo, wengine baadaye waliupitia na kuni na moto.

Tena kulikuwa na mfano wa magugu, Mathayo 13, ambao Yohane Krisostomo aliutumia kusema wazushi wasiuawe. Darasani sikuhitaji kuueleza. Kila mtoto aliyekaa pale ameshapalilia mpunga na mama yake, akachapwa kibao cha mgongo kwa kung'oa mche akidhani ni gugu. Yanafanana mno yakiwa machanga. Mwenye shamba alisema yaachwe hadi mavuno. Neno lilikuwapo siku zote, limeandikwa, linasomwa kwa sauti makanisani, na waliochoma watu walilisikia.

"Ni mambo ya Wazungu, sisi hayatuhusu"

Mzee mmoja wa kanisa alinikumbusha kwamba Kanisa la kusini ni la walioteswa. Kweli. Masasi ilianza mwaka 1876, miaka kadhaa kabla ya Wajerumani kutawala, wakati Askofu Edward Steere alipokuja kutoka Unguja na watu waliookolewa utumwani. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbini, Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa njiani kuelekea Liwale, na misioni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa. Lakini waliozichoma walikuwa wamelimishwa pamba kwa viboko, na misioni waliiona upande wa aliyeshika kiboko. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu kuliko risasi.

Kuhusu hayo ya mbali, huwa nawaambia watu wafikirie msibani. Kabla ya kuzika, msemaji wa familia anasimama na kutangaza: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, aonane na warithi. Hakuna mrithi anayesema, mikorosho ni yangu ila deni ni la baba. Sisi tumerithi Kanuni ya Imani, nyimbo, majina ya watakatifu na hospitali ya misheni. Wanaodai nao wanatuhusu.

Na si la mbali sana. Shangazi yangu aliolewa na Mwislamu wa Mikindani, na nyumbani kwetu aliambiwa asirudi mpaka amwache mumewe. Nilikuwa kijana mkubwa, nikakaa kimya. Watoto wake walikua hawajui njia ya kwa babu yao. Hakuna aliyeshika panga, lakini ilikuwa "ukawashurutishe" ileile. Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa na mvi. Alinipokea kwa chai na mihogo ya nazi, akanionyesha picha za wajukuu, na hatukuzungumza sana.

"Tukikiri tunampa adui silaha"

Tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulitamka kwamba hakuna mtu wa kulazimishwa kuamini kinyume cha dhamiri yake. Tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo II alisimama katika Basilika la Mtakatifu Petro akaomba msamaha kwa Mungu kwa makosa ya wana wa Kanisa, yakiwamo yale ya kutumia nguvu kwa jina la ukweli. Julai 2010, mjini Stuttgart, Walutheri wa dunia waliwaomba msamaha Wamenoni, warithi wa wale waliobatiza upya. Aliyekuwa na silaha alikuwa nazo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba aliyeumizwa amesikia jina la kilichomtokea.

Mimi mwenyewe nasali bado kwa sababu ninapowauliza waliouteka mji wa Kilwa wamekosa nini, kipimo ninachokishika mkononi ni kile alichokiacha Yesu alipowakemea Yakobo na Yohana, walipotaka moto ushuke uwateketeze Wasamaria waliomkataa. Sijaokota kipimo kingine mahali pengine.

Hayo ndiyo niliyomwambia binti Jumamosi iliyofuata, si yote kwa siku moja. Alisikiliza, akauliza tena kuhusu Martin, kisha akasema bado hajaamua kama atasimama mbele ya askofu mwaka huu. Baba yake amenipigia simu mara mbili kuuliza kwa nini simlazimishi, mbona jina lilishaandikwa na gauni limeshonwa. Mara ya pili nilimsomea lile neno la Alcuin, nikamwambia nafasi yake chini ya mkorosho ipo, na nitamngoja.