Nani analipia chanjo za watoto Kenya?

Wengi bado huamini kwamba chanjo za watoto Kenya hulipiwa zote na wafadhili, na Serikali huzipokea tu. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli kabisa.

Gavi, shirika la kimataifa la chanjo lililoanzishwa mwaka 2000, husaidia kununua chanjo mpya na za bei ghali, kama ya nimonia na ile ya rotavirusi, virusi vinavyoharisha watoto. Hata kwa chanjo hizo, nchi huchangia: zilizo maskini zaidi hulipa senti 20 za dola kwa kila dozi. Kenya imeshavuka ngazi hiyo, hivyo mchango wake hupanda mwaka hadi mwaka, na inatarajiwa kujitegemea kufikia mwisho wa muongo huu. Chanjo za zamani, mfano BCG ya kifua kikuu anayochomwa mtoto mchanga kwenye mkono wa kushoto, hununuliwa kwa fedha za Hazina, kwa kawaida kupitia UNICEF.

Ndiyo maana BCG na matone ya polio yalipoadimika katikati ya mwaka 2025, kuwalaumu wafadhili kulikuwa kukosea mlango. Oda haitoki kabla ya malipo, na fedha zilichelewa. Bajeti husomwa kila Juni. Kifungu cha chanjo kimo humo, ingawa wanahabari hupenda zaidi kodi ya mafuta.