Je, wajua unaweza kubeba injini isiyo yako mchana kweupe na mahakama isikuite mwizi?

Nenda mwalo wowote hapa Mwanza, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, Kirumba, Igombe, Kayenze, muulize mtu wizi ni nini. Atakwambia ni kuchukua kitu cha mwenzako bila ruhusa, basi. Muulize tena, je kama aliyechukua hakujua kuwa anakosea? Hapo utajibiwa fasta, kutojua sheria siyo utetezi. Majibu yote mawili yamezoeleka mpaka hakuna anayeyahoji, na yote mawili yana tundu kubwa. Tundu lenyewe liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 9.

Tuchukue mfano. Masanja kamuuzia Doto injini ya boti kwa malipo ya awamu. Doto kalipa kidogo kidogo, alafu ziwa likakauka samaki, hela ikakata. Masanja anaamini kabisa moyoni kwamba injini ni yake mpaka shilingi ya mwisho iingie. Saa nne asubuhi anafika mwaloni na spana, kina mama wanaanua dagaa, vijana wanashona nyavu, anamwambia kiongozi wa BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, nimekuja kuchukua injini yangu, Doto hajanimalizia. Anafungua, anaipakia kwenye guta, anaondoka nayo. Jioni Doto yuko polisi anaripoti wizi.

Sasa angalia, inawezekana kabisa Masanja amekosea. Kwa sheria ya mauzo ya bidhaa, kutegemea walivyokubaliana, injini inaweza ikawa ilishakuwa ya Doto tangu siku aliyokabidhiwa, na kilichobaki ni deni tu. Kwahiyo kabeba mali ya mtu. Lakini kifungu cha 9 kinasema kwenye makosa yanayohusu mali mtu hawajibiki kwa jinai kama alichokifanya alikifanya kwa kutekeleza dai la haki analoliamini kwa dhati, bila nia ya kulaghai. Hakisemi dai liwe la kweli, kinataka liwe la dhati, na hapa ndo penye utamu wote wa jambo hili.

Wizi ni kama mtumbwi wa makasia mawili. Kasia la kwanza ni mkono, yaani kile kitendo cha kuchukua. La pili ni nia, kwamba unachukua huku unajua huna haki nacho na unataka kumdhulumu mwenyewe. Ukipiga kasia la upande mmoja tu, hata upige kwa nguvu kiasi gani, mtumbwi unazunguka palepale, haufiki ng'ambo. Masanja kapiga kasia la mkono, watu kibao wamemuona na yeye mwenyewe hakatai, ila la nia halipo, kwasababu kichwani mwake alikuwa anachukua cha kwake.

Turudi kwenye lile la kutojua sheria, maana hapa ndipo watu wanapochanganya sana. Kifungu cha 8, jirani kabisa na hicho cha 9, ndicho kinachosema kutojua sheria hakukuokoi. Na kweli hakukuokoi. Mvuvi aliyekamatwa na kokoro, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku, au na sangara wa chini ya sentimita 50, hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema mimi sikujua vimekatazwa, akaachiwa kwa hilo. Yeye hakujua katazo. Masanja katazo analijua vizuri sana, anajua wizi ni kosa na angemshika mwizi angepiga kelele kama wengine, alichokosea ni injini ni ya nani. Ni vitu viwili tofauti, na sheria imevitenganisha makusudi kabisa. Kanuni yetu ina asili ya ile ya Queensland, Australia, iliyoandikwa na Samuel Griffith na kupitishwa 1899, na kule haya mawili yamo ndani ya kifungu kimoja, cha 22, la kwanza linasema kutojua sheria siyo kisingizio, alafu la pili linaanza na "lakini". Sisi tumebaki na nusu ya kwanza mdomoni, ile "lakini" hatuisemi kabisa.

Ila mtu asisome hapa akaenda kufungua injini ya watu. Kwanza, kusema "nilidhani ni yangu" hakutoshi, hakimu anapima mwenendo wako. Ulikuja saa nane usiku au saa nne asubuhi? Ulimwambia mtu au ulinyata? Injini umeiweka uani kwako au umeshaifuta namba ukaiuza Sengerema? Na siyo kila hakimu atayasoma mazingira yaleyale kwa namna moja. Pili, utetezi huu ni wa makosa ya mali tu, ukienda na panga ukamkata Doto mkono, utajibu la kujeruhi hata kama injini ni yako kwa asilimia mia. Tatu, kuachiwa kwenye jinai hakukupi injini, Doto bado anaweza kukufungulia madai ukairudisha na fidia juu.

Kwenye ardhi mambo yanafanana. Ukimshtaki jirani kwa kuingia kwa jinai kwenye shamba ambalo yeye pia anasema ni la babu yake, Mahakama Kuu imeshasema, kwenye uamuzi ulioripotiwa 1992, kwamba shtaka hilo haliwezi kusimama wakati umiliki wenyewe haujaamuliwa kwenye kesi ya madai. Kwahiyo kesi nyingi za mipaka zinazopelekwa polisi kwa hasira zinakwama hapo.

Na kama wewe ndiye uliyeshtakiwa na dai lako ni la kweli moyoni, litoe mapema. Liseme polisi siku ileile unapoandikisha maelezo, na mlalamikaji akimaliza ushahidi wake muulize hapohapo, si tuliuziana? si ulikuwa hujanimalizia? Ukikaa kimya alafu ukaliibua wakati wa kujitetea, mahakama inaweza kuliona ni wazo la baadaye, la kutungwa, na likakosa uzito hata kama ulikuwa unasema kweli. Karatasi ya mauziano, meseji za malipo ya simu, na huyo kiongozi wa BMU aliyekusikia asubuhi ile, vyote hivyo vinatakiwa vifike mbele ya hakimu.